"Mashine Ilinigusa Tu": Miaka Miwili Nikitafiti Kazi na Afya ya Vibarua Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ya Lunga Lunga hujaa watu kabla haijajaa magari. Wanatoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, wanatembea mbiombio, mikono ndani ya jaketi, wengine wamebeba githeri ya mchana kwenye mkebe. Wanaenda kusimama kwenye mageti ya viwanda. Atakayeonyeshwa kidole na msimamizi ataingia. Asiyeonyeshwa atangoja mpaka saa mbili, kisha ajaribu geti lingine au arudi nyumbani kulala njaa.

Mimi nilikuwa nafika saa nne.

Nilianza utafiti wa shahada yangu ya uzamifu mwaka 2023 nikitaka kujua jambo moja: mtu anayelipwa kwa siku akiugua au akiumia kazini, ni nani hubeba gharama? Nilikuwa nimesoma sheria zote zinazohusu jambo hilo na sera za afya za miaka mingi. Nilijiona nimejiandaa. Lakini hiyo saa nne, waliochukuliwa walikuwa ndani wakifanya kazi, na waliokuwa nje wakinizungumzisha ni wale waliokosa. Kwa wiki tatu nilihoji watu waliokosa kazi nikidhani nahoji wafanyakazi. Aliyenifumbua macho ni mama mwenye kibanda cha uji karibu na geti. Aliniambia, "Madam, hao unaowauliza ni wa kukosa. Wenye kazi uje alfajiri, ama uje jioni wakitoka. Na usiwasimamishe, wamechoka. Tembea nao." Nikaanza kutembea nao. Mahojiano yangu mazuri ya mwaka ule wa kwanza niliyafanya kwa miguu, kati ya geti na Mukuru, kabla giza halijaingia.

Naandika haya kwa sababu kila muhula napata simu za wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti wa aina hii, na wengi wako karibu kuangukia mashimo niliyoangukia mimi. Moja kati ya hayo liligharimu mtu mwingine, si mimi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza karatasi, maana zilinila miezi minne ya bure. Tangu Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, huwezi kufanya utafiti Kenya bila leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Niliiomba hiyo kwanza, ombi likarudi likidai cheti cha kamati ya maadili. Mpangilio unaokwenda ni huu: chuo kipitishe pendekezo lako, kamati ya maadili ilipitishe, ndipo uombe leseni, kisha uende kwa maafisa wa kaunti, kwa chifu, na mwisho kwa wazee wa mtaa. Usiwaruke wazee wa mtaa. Leseni ikiwa mkononi na wao hawakujui, utaulizwa ukiwa katikati ya kichochoro wewe ni nani na umetumwa na nani. Cheti cha maadili na leseni huisha baada ya mwaka mmoja. Mimi nilisahau kuhuisha cheti, nikalazimika kusimamisha kazi kwa wiki sita, huku nyumba niliyokodi kama ofisi ikiendelea kudai kodi. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, majina na namba za simu niliziweka kwenye daftari tofauti lililofungiwa, na kila mhojiwa akapewa namba yake ya siri.

Katika fomu ya kamati ya maadili kulikuwa na swali lililouliza: mhojiwa akikueleza jambo linalohitaji msaada, utafanya nini? Niliandika sentensi moja. "Ataelekezwa panapofaa." Fomu ikapita. Sikuwa nimejua hapo panapofaa ni wapi, na sikutafuta kujua.

Hojaji yangu ilikuwa na maswali 62. Nilikuwa nimeyatafsiri kwa Kiswahili sanifu na msimamizi wangu wa chuo akayasifu. Yalipofika getini yakafa. Niliuliza, "Je, una ajira?" Mtu aliyefanya kazi siku sita kila wiki kwa miaka miwili kwenye kiwanda kimoja akajibu, "Sina." Kwake ajira ni kuandikwa, kuwa pamanenti, kuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni kibarua. Niliuliza, "Mwajiri wako ni nani?" Wengine wakataja kiwanda, wengine wakataja wakala anayewalipa kwa M-Pesa kila Jumamosi, wengine wakamtaja msimamizi wa getini. Na wote walikuwa wakisema kweli. Katika viwanda vingi siku hizi kiwanda humpa wakala kazi ya kutafuta watu, na ukitokea mgogoro kila mmoja humsukumia mwenzake. Mimi nilikuwa nimeacha nafasi ya jibu moja tu.

Lakini swali lililonifundisha zaidi ni namba 31: "Je, umewahi kupata ajali kazini?" Nilimuuliza kijana mmoja tukiwa tumeketi kwa yule mama wa uji. Akasema hapana, hajawahi. Nikaandika hapana. Kisha akainua kikombe, na nikaona kidole chake cha shahada kimeishia kwenye fundo la kwanza. Ngozi ya pale ilikuwa imekunjana na kung'aa kama mdomo wa kifuko kilichofungwa kwa kamba. Nikamuuliza, "Na hicho kidole, kaka?" Akakitazama kana kwamba nimemkumbusha. "Aa, hii? Mashine ilinigusa tu."

Ajali, kwa watu wa pale, ni kulazwa Kenyatta. Ajali ni kufa. Kukatwa ncha ya kidole ni mashine kukugusa. Jioni hiyo nilirudi kwenye hojaji zote nilizokwisha kujaza na sikuamini hata "hapana" moja. Nikaanza upya. Swali namba 31 likawa: "Mashine, dawa au mzigo umewahi kukugusa?" Majibu yakafurika.

Ushauri wangu hapa ni wa gharama ndogo: kabla ya kuandika hojaji, kaa wiki mbili pale unapotaka kutafiti bila kuuliza swali lolote la karatasi. Sikiliza watu wanayaitaje mambo yao. Na ukiajiri wanafunzi wa kunukuu sauti, waambie waandike neno kama lilivyotamkwa. Saa moja ya sauti hunila saa sita kuinukuu, kwa hivyo nililipa vijana wawili wanisaidie. Walikuwa waangalifu, wakasafisha Sheng yote ikawa Kiswahili cha gazeti. "Mashine ilinigusa" ikawa "alipata ajali". Niliwalipa mara ya pili kurudia kazi ileile, na kosa lilikuwa langu kwa kutowaeleza.

Kuna jingine ambalo nusura linipite. Wanawake wa kiwanda kimoja cha nyuzi waliniambia hupewa pakiti ya maziwa mwisho wa shifti "ya kuosha kifua". Nikaliandika chini ya marupurupu, kama jambo jema la mwajiri. Baadaye mmoja wao akasema, tukipita tu njiani, kwamba kifua humkaza zaidi Jumatatu, na kufikia Alhamisi huwa afadhali. Nilidhani ni uchovu wa wikendi. Daktari rafiki yangu aliposoma daftari langu alisimama kwenye mstari huo. Vumbi la pamba huleta ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosisi, na dalili yake inayojulikana ni hiyohiyo: kifua kubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Maziwa huenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu, na maziwa hayalifikii. Kinachosaidia ni mashine za kufyonza vumbi, hewa ya kutosha, barakoa zinazofaa na kupimwa mapafu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde watu dhidi ya vumbi la namna hiyo. Wanawake wale walikuwa wakiyapenda maziwa yao. Wengine waliyapeleka nyumbani kwa watoto. Kuwaambia hayana kazi kifuani ilikuwa mojawapo ya siku ngumu kwangu, lakini niliwaambia, na naona aibu kwamba ilinichukua miezi mitano.

Kuhusu pesa za wahojiwa, nisiseme mengi. Kundi la kwanza niliwapa soda na mkate, kundi la pili shilingi 200 za muda wao, na habari ikatembea kwa siku moja. Kundi la kwanza likaudhika kwa haki, na watu ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani wakaanza kujitokeza wakisema ni vibarua. Amua kiasi mapema, kipitishwe na kamati, na kiwe kimoja kwa wote.

Sasa nifike kwa Baba Mapacha. Simtaji jina, na hata hilo la Baba Mapacha si ndilo aitwalo mtaani.

Nilimhoji Novemba 2023, nyumbani kwake, chumba cha mabati chenye kitanda, pazia na jiko la mafuta taa. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili na nusu kwenye kiwanda cha plastiki, analipwa kwa wiki. Mwezi Juni mwaka huo mashine ya kukata ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Alitumia neno hilo, ilimchukua. Kiwanda kilimpeleka kliniki ya karibu, kikalipia kushonwa, kikampa shilingi 3,000 na kumwambia apumzike. Aliporudi baada ya wiki tano, getini akaambiwa nafasi yake imejaa. Alinisimulia haya akiwa amemweka pacha mmoja magotini, mkono wenye vidole vitatu ukimpapasa mtoto mgongo mpaka akasinzia.

Nilizijua haki zake zote pale nilipoketi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, kazi yake huhesabiwa kuwa ya mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na wakubwa hawawezi kumfukuza kama mtu wa siku. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamlinda kibarua kama inavyomlinda aliye pamanenti. Mwajiri anatakiwa kuiripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi anastahili kuendelea kulipwa, hadi miezi 12. Akipoteza kiungo, kuna fidia. Lakini dai lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Nilijua yote hayo na sikumwambia hata moja. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtafiti hamwekei mhojiwa maneno kinywani, na nikalibeba fundisho hilo kupita mpaka wake, nikadhani hata baada ya kuzima kinasa sauti nanyamaza kwa ajili ya usafi wa data. Tena nilikuwa na mhojiwa mwingine saa kumi. Nilimshukuru, nikampa zile 200, nikatoka. Kwenye daftari langu la siku hiyo nimeandika kwa wino mwekundu: "Mfano mzuri kwa sura ya nne."

Mpaka leo sijaweza kuupita ukurasa huo haraka.

Aprili na Mei 2024 mvua kubwa zikanyesha, Mto Ngong ukafurika, na nyumba nyingi za Mukuru zilizokuwa kando ya mto zikabomolewa na serikali. Kati ya watu 46 niliokuwa nikiwafuatilia, 17 walipotea kabisa. Simu hazikuingia, vyumba havikuwepo. Nilikuwa nimechukua namba moja tu ya kila mtu. Ningekuwa nimeomba mbili, na nikauliza pia kila mmoja hununua wapi mboga au uji, ningewapata wengi, kwa sababu mtu akihama mtaa huwa bado anadaiwa mahali fulani. Sita wengine waliohama niliwapata kwa msaada wa yule mama wa uji pekee. Baba Mapacha alikuwa mmoja wao. Alikuwa amehamia upande mwingine wa Mukuru na anauza mitumba ya watoto.

Ilikuwa Agosti 2024. Miezi 14.

Safari hii nilimwambia kila kitu, na siku ya pili yake tukaenda pamoja kwenye ofisi za usalama kazini, ambazo ziko humohumo Industrial Area. Afisa alitusikiliza kwa uvumilivu. Akauliza kama ajali iliripotiwa, kama kuna fomu ya daktari inayosema ameumia kazini, kama kuna barua, ujumbe wa simu, chochote. Karatasi ya kliniki ilikuwa imeondoka na maji. Msimamizi wa siku ile alikuwa ameacha kazi. Malipo ya wiki aliyapokea mkononi, kwa hivyo hata kuthibitisha kwamba aliwahi kufanya kazi pale ilikuwa taabu. Tulitafuta mwanya kwa wiki kadhaa, pamoja na wakili wa msaada wa kisheria, na hatukuupata.

Tukiwa kwenye matatu tukirudi siku ile ya kwanza, aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Madam, ile siku ulikuja kwangu na daftari, haya ulikuwa unayajua?"

Nikasema ndiyo.

Akanyamaza. Kondakta alipofika, akalipa nauli yetu sote wawili kabla sijafungua mkoba.

Nililala vibaya kwa muda mrefu baada ya hapo. Nawaambia wanafunzi wasione haya kutafuta mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu kusikiliza vidole vilivyokatika siku baada ya siku hujilimbikiza mwilini, na hakuna kozi ya mbinu za utafiti iliyonitayarisha kwa hilo. Lakini usingizi wangu haukuwa jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba kulikuwa na watu 28 wengine niliowahoji na ambao bado niliweza kuwapata.

Nilirudi kwa kamati ya maadili kuomba kubadilisha utaratibu: kila mahojiano yaishe, kinasa sauti kizimwe, kisha nimpe mhojiwa ukurasa mmoja na kumsomea. Msimamizi wangu aliogopa kwamba nitaharibu data. Kamati ilichukua wiki tatu na ikakubali. Ukurasa wenyewe niliuandika mara tano, na toleo lililofaulu ni lile vibarua wenyewe walilolisahihisha. Linasema: andika kwenye daftari kila siku uliyofanya kazi na geti ulilofanyia. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Mashine ikikugusa, mwambie msimamizi siku hiyohiyo mbele ya mwenzako, au mtumie ujumbe ili tarehe ibaki. Piga picha ya jeraha. Kliniki, mwambie daktari aandike kwamba umeumia kazini na wapi, wala usikubali waandike "ameumia nyumbani" hata ukiahidiwa nini. Miezi 12 huanza kuhesabiwa siku ile ile.

Kulikuwa na mstari mmoja niliouongeza baada ya kijana kuniambia msimamizi wao huwaambia sheria hiyo ilifutwa na mahakama. Si uzushi mtupu, ndiyo maana huaminika. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vya WIBA. Lakini Mahakama ya Rufani ilirudisha vingi mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Iko hai. Niliandika hivyo kwa herufi kubwa.

Halafu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliokuwepo tangu 1966, ukaondoka na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikachukua nafasi yake. Nusu ya data yangu ilikuwa na maswali ya NHIF. Chini ya mfumo wa zamani, asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Chini ya huu mpya, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, kisipungue shilingi 300, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake kwa maswali ya nyumba na mali, kisha hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Vibarua waliniuliza, "Sasa sisi ni wa wapi?" Hilo ndilo swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka miwili anafaa kuwa upande wa mshahara, akakatwa kidogo kidogo. Lakini kwa kuwa hana karatasi, anahesabiwa pamoja na mchuuzi wa barabarani na kudaiwa ya mwaka kwa mkupuo, naye hulipwa Jumamosi na kufikia Jumanne ameishiwa. Anayemnyima mtu mkataba anamnyima pia kadi ya hospitali, hata kama hakukusudia. Tunapojadili bima ya afya bila kujadili geti la kiwanda, tunajadili nusu ya jambo, na hili nitalisema katika kila kikao nitakachoalikwa.

Upande wa mbinu, niliokoa data yangu kwa kuacha kuuliza majina ya mifuko. Uliza, "Mara ya mwisho ulipoenda hospitali, nani alilipa, na hizo pesa zilitoka wapi?" Serikali itabadilisha majina tena, lakini swali hilo halitachakaa.

Januari 2025 nilirudisha matokeo. Tuliomba ukumbi wa kanisa kwa Reuben, Jumapili alasiri, nikaweka chai na mandazi. Viwandani na Korogocho familia zimefuatiliwa na watafiti wa afya tangu 2002, na takwimu hizo zimenisaidia mimi na wengi, kwa hivyo watu wa upande ule wamezoea kalamu. Wanachouliza ni kama utarudi. Nilikuja na picha za ukutani na nikaeleza kwamba wengi wa niliowahoji hawana bima yoyote. Mama mmoja wa makamo akainuka. "Mwanangu, umesema hatuna bima. Umeuliza chama?" Sikuwa nimeuliza. Kwenye shifti yake, akaeleza, kila mtu hutoa shilingi 50 mwenzao akiumia, na kuna mweka hazina, na kuna daftari. Alikuwa nalo kwenye mkoba. Kurasa na kurasa za majina, tarehe, na nani aliguswa na nini. Lilikuwa rekodi ya majeraha ya miaka sita, safi kuliko yangu, na halikuwa limeandikwa na mtafiti yeyote. Wakikubali wenyewe, daftari hilo linaweza kuwa ushahidi. Tasnifu yangu ilichelewa miezi mitatu kwa sababu ya siku hiyo, na sijutii hata wiki moja yake.

Baba Mapacha hakuja. Alimtuma mkewe, naye akabeba nakala kumi za ule ukurasa.

Machi, saa mbili usiku, simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa kijana, anaongea kwa kunong'ona, na nyuma yake nilisikia mtoto akilia. Alisema amepewa namba na mama wa mitumba ya watoto. Mashine ilikuwa imemgusa jana.

"Umemwambia msimamizi?"

"Nimemwambia kwa mdomo. Sasa namtumia meseji, ndiyo nataka nikusomee kwanza kabla sijatuma."

Akanisomea. Alikuwa ameweka tarehe, saa, jina la mashine na majina ya wenzake wawili. Nikamuuliza kuhusu kliniki. Akasema daktari alitaka kuandika "ameumia nyumbani", naye amekataa kutoka mpaka ikabadilishwa. Nikamwambia atume ujumbe huo sasa hivi, karatasi aipige picha na amtumie mtu mwingine mmoja anayemwamini, na saa kumi na moja alfajiri anikute kwa mama wa uji.